Kulungu Mzima Havuki Daraja

Ijumaa, 22 Novemba

Msimu unafunguliwa kesho. Mwaka huu ni wangu. Niliandika hivyo mwaka jana pia, na mwaka juzi, lakini miaka ile sikuwa na mpango. Mwaka huu ninao!

Niweke mambo wazi, maana siku moja mke wangu Marlys ataisoma shajara hii na sitaki aseme Orlan Bakken alikuwa mlalamishi. Kibanda cha kuwindia cha marehemu baba mkwe kiko Wisconsin. Sisi sote, na mama mkwe, tunaishi Minnesota, ng'ambo ya mto. Kibandani kuna vitanda viwili tu. Kimoja kiko karibu na jiko la kuni, na ukikilalia unaamka umelainika kama siagi. Kingine kiko mlangoni. Hapo upepo unaingia kwa chini na panya anaingia kwa juu.

Mzee alipofariki, miaka minane iliyopita, tulikubaliana hivi: kitanda cha jikoni ni cha yule ambaye kulungu wake ni mzito zaidi Siku ya Shukrani, kwenye mizani ya marehemu inayoning'inia gereji kwa mama mkwe. Mshindi anakilalia mwaka mzima. Shemeji yangu Rollie amekilalia miaka minane. Mimi miaka minane nimelala na panya.

Na sababu si uwindaji. Sababu ni sheria! Kuna ugonjwa unaowakondesha kulungu mpaka wanabaki fremu, na inasemekana unakaa kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kwa hiyo kulungu mzima haruhusiwi kuvushwa kuja Minnesota. Ruhusa ni nyama iliyotolewa mifupa, ngozi isiyo na kichwa, na pembe zenye kipande cha fuvu kilichosuguliwa kikang'aa. Basi miaka yote hii tumekuwa tukipima mifuko ya nyama. Rollie amekata nyama kwenye duka la vyakula miaka thelathini. Anamvua kulungu mifupa kama mtu anayevua glavu. Mimi nikimaliza kukata, kunguru wa kaunti nzima wananifuata kwa shukrani.

Leo asubuhi nikinyoa ndevu nimepata nuru. Sharti tulilirithi kwa marehemu, aliyeliandika kwa penseli kwenye ukuta wa gereji: KULUNGU MZITO ZAIDI. Basi. Hakuna neno mifuko. Hakuna neno wote wapime namna moja. Rollie akileta mifuko, na mimi nikaleta kulungu mzima na kichwa chake, mifupa yake na kwato zake, nashinda hata kama kulungu wangu ni wa kubebwa mgongoni. Nimejikata kidevu kwa furaha.

Mimi na Rollie tulipita kwa mama mkwe kuchukua chupa ya kahawa. Mama ana miaka themanini na moja, jina lake Ardis, na maneno yake ni machache. Alisema viatu vyake vya theluji bado viko kibandani, pale mlangoni. Akasema hajakiona kibanda tangu mazishi. Nikamwambia hajakosa kitu, ni baridi tupu. Rollie naye akasema hivyo hivyo. Mama akatufungia mikate ya siagi kumi na miwili.

Jumamosi, 23 Novemba

Rollie amepiga dume kubwa saa moja asubuhi. Saa moja! Sikuwa nimemaliza hata mkate wa pili.

Mimi nilikaa kwenye dungu langu mpaka saa tisa. Niliona kindi wanne. Niliona vidole vyangu vikibadilika rangi. Kisha akatokea dume mdogo, mwenye pembe mbili tu kama vidole vya mtoto anayeomba ruhusa darasani. Mwaka mwingine ningemwacha akue. Mwaka huu nilimshukuru na kumpiga.

Rollie alikuja kumtazama. Akasema, si mbaya. Kwetu hapa hayo ndiyo maneno ya kila jambo, hata harusi, hata mazishi.

Kwa macho, kulungu wangu mzima ni ratili mia na tano. Dume la Rollie lilikuwa mia na tisini, ila kufikia machweo alikuwa ameshamaliza kulikata, mifuko imepangwa kama vitabu. Anakadiria ratili tisini za nyama. Mia na tano dhidi ya tisini! Mtoto wa shule anaweza kuiona hesabu hiyo. Rollie aliuliza mbona sijaanza kukata. Nikamwambia napenda nyama ipumzike. Nikamtundika kulungu wangu nyuma ya kibanda na kwenda kulala mlangoni nikitabasamu.

Panya alikuja. Sikumjali. Siku zake zinahesabika.

Jumapili, 24 Novemba

Leo nimefanya utafiti. Nilikwenda mpaka penye mtandao na kumpigia simu Bwana Nyama, ofisa wa wanyamapori wa upande wetu. Bwana Nyama wetu ni mwanamke, Tess Novak, lakini kila mtu anamwita Bwana Nyama na yeye anaitika. Nilibadilisha sauti. Nikasema nauliza kwa niaba ya rafiki.

Je, kulungu mzima akigandishwa akawa kama jiwe, si anahesabiwa kuwa nyama ya friza? Hapana. Je, kichwa kikivuka kwa gari moja na mwili kwa gari jingine? Hapana, hayo ni makosa mawili. Je, kulungu akipita juu, kwa mfano kwa kamba, bila kugusa daraja? Akaniomba nirudie swali, kisha akasema hapana. Alijibu kwa upole wote. Mwisho akauliza goti la Marlys linaendeleaje.

Nikasema rafiki yangu hana mke anayeitwa Marlys. Akasema basi nimsalimie rafiki yangu, na nimkumbushe ile habari ya samaki.

Ile habari ya samaki! Itanifuata kaburini. Julai nilirudi kutoka ziwa moja la Wisconsin na samaki niliowapasua mwenyewe. Kwa kulungu sina mkono, nakiri, lakini kwa samaki mimi ni fundi. Minofu ilikuwa safi, laini, haina mwiba wala chembe ya ngozi. Bwana Nyama akafungua sanduku la barafu, akaitazama sana, nikadhani atanipongeza. Kumbe sheria inataka kila mnofu uachiwe kipande cha ngozi chenye magamba ili ajue ni samaki gani. Akanipiga faini kwa usafi! Ndivyo ilivyo serikali.

Jumatatu, 25 Novemba

Mpango wa kwanza umekufa. Naandika haya huku mikono ikinuka msonobari.

Ulikuwa mpango mzuri. Marlys anataka mti wa Krismasi. Wiki hii kila pikapu inayovuka mto imebeba mti. Nani atakagua mti? Nilinunua mkubwa kuliko yote, nikamlaza kulungu wangu chini na mti juu yake, nikafunga kamba, nikazunguka gari mara tatu. Hakuonekana hata sikio. Nikaendesha mpaka kwenye kituo cha mafuta kilicho mwisho wa Wisconsin, hatua chache kabla ya daraja, nikaingia kununua andazi la kunipa ujasiri.

Nilipotoka, mwanamke mwenye kofia ya sufu alikuwa amesimama kando ya pikapu yangu na kikombe cha kahawa.

"Mti mzuri, Orlan," akasema. "Una kwato."

Kwato mbili zilikuwa zimechomoza nyuma, juu kabisa, kama zinapunga mkono. Mabonde ya barabarani! Na mwanamke alikuwa Tess, amevaa nguo za nyumbani, yuko mapumzikoni.

Nikamwambia upande huu wa mto yeye hana mamlaka. Akakubali kabisa.

"Upande huu mimi ni mnunuzi wa kahawa tu," akasema. "Upande ule ni Bwana Nyama. Daraja lina urefu wa kukutosha kufikiri."

Nilifikiri. Nikageuza gari, nikamrudisha kulungu kibandani, nikamtundika palepale. Kisha nikavuka na mti peke yake. Marlys ameupokea na kuunusa, akaniuliza ulikuwa umepandwa wapi.

Mama mkwe alikuwa jikoni kwetu anakunywa kahawa. Akaniuliza kama jiko la kibandani bado linatoa moshi upepo ukigeuka. Nikasema linatoa. Akasema ile mizani ya marehemu inashikwa na kulabu moja tu, wala si nzito, hata yeye anaweza kuishusha kwa mkono mmoja. Nikamwambia asijisumbue, aiache ining'inie. Akatazama kikombe chake. Wazee hupenda kuzungumzia vyombo.

Jumanne, 26 Novemba

Nimerudi kibandani. Shukrani ni keshokutwa. Kulungu anatazama upande mwingine kila nikipita.

Hakuna njia. Lazima akatwe. Rollie aliniona nikinoa kisu, akauliza kama nataka anisaidie. Nikasema hapana, asante, kama mtu yeyote mwenye adabu. Akauliza tena. Nikasema nisingependa kumsumbua. Nikaweka kisu chini, tayari kukubali mara ya tatu, kama ilivyo desturi yetu.

Hakuuliza mara ya tatu! Alirudi kwenye kahawa yake. Nilisimama pale dakika nzima nikikohoa. Sijawahi kuona utovu wa adabu kama ule. Mtu anauliza mara mbili kisha anakuacha hewani! Na huwezi kumwomba, utaonekana mtu wa namna gani?

Nikakata mwenyewe. Saa nne. Kunguru walifika kabla sijamaliza paja la kwanza, wakakaa kwenye uzio kama waumini. Matokeo: ratili arobaini na tatu, nyingine zina umbo ambalo sijui niliite nini. Rollie alipita, akatazama mifuko, akatazama kunguru. Akasema, si mbaya.

Arobaini na tatu dhidi ya tisini. Nimelala kidogo mchana, mlangoni, kujizoeza mwaka wa tisa.

Jumatano, 27 Novemba

NGOZI!

Nimeamka na neno hilo mdomoni. Ngozi isiyo na kichwa inaruhusiwa. Pembe zenye fuvu safi zinaruhusiwa. Kulungu mzito zaidi, aliandika marehemu. Ngozi si kulungu? Pembe si kulungu? Ni yeye mwenyewe, ila amepangwa vingine.

Lakini ngozi peke yake ni ratili nane. Hapo ndipo nilipofikiri kama bingwa. Leo baridi ni ya kupasua mti. Nimeikunja ngozi iwe kama mfuko, nywele nje, nikaiweka nyuma ya choo ambako Rollie hapiti mpaka alazimike, na kila nusu saa nimemwaga maji kidogo ya kijito. Yanaganda, namwaga mengine. Yanaganda, namwaga mengine. Rollie ameuliza mbona naenda chooni hivyo. Nimesema ni mikate ya siagi.

Kufikia alasiri nilikuwa na furushi la manyoya gumu kama gogo. Nilisimama nalo kwenye mizani ya bafuni niliyoileta kutoka nyumbani, kisha nikasimama bila furushi. Ratili hamsini na saba! Jumlisha arobaini na tatu, jumlisha moja ya pembe. Mia na moja! Barafu haionekani hata ukitafuta. Inaonekana ngozi tu, ngozi nene ya kulungu aliyekula vizuri.

Fuvu nimelisugua kwa mswaki wangu mwenyewe. Nilikuwa nao mmoja tu. Kitanda kile kinastahili.

Alhamisi, 28 Novemba. Siku ya Shukrani

Naandika nimeshiba bata mzinga na sina raha. Nianze mwanzo.

Saa mbili asubuhi nilivuka daraja. Bwana Nyama alikuwa upande wetu, amevaa sare, anakagua kila pikapu. Safari hii nilisimama mwenyewe kabla hajanyoosha mkono. Nikafungua mifuko: hakuna mfupa. Nikatoa pembe: fuvu linang'aa. Akaitazama ngozi. Akajaribu kuinyanyua. Haikusogea. Akanitazama mimi, akaitazama tena ngozi, akasema hajui sheria yoyote inayoweka kikomo cha uzito wa ngozi.

Kisha akasema, "Safari hii umefuata kila kitu, Orlan." Akanipa mkono.

Nilikaribia kulia. Miaka yangu yote hakuna ofisa aliyewahi kunipa mkono.

Gereji kwa mama mkwe. Mimi, Rollie, Marlys, na mama mwenyewe amevaa aproni, maana ndiye anayesoma mizani kila mwaka. Nikasikia joto usoni nilipoingia. Mama alikuwa amewasha hita ya gereji tangu alfajiri, tusipate baridi. Ni mtu mwema sana, mama mkwe. Sikuwa nimewaza habari ya hita.

Tukapima mifuko ya Rollie kwanza. Tisini na moja. Kisha nikatundika vyangu: mifuko, pembe, furushi. Rollie akauliza ngozi ya nini. Nikamwonyesha maandishi ya marehemu ukutani. Akayasoma taratibu, kama mtu anayeyaona mara ya kwanza, akasema sawa, kulungu ni kulungu. Mshale ukapanda mpaka mia na moja. Nikasema soma, mama, soma! Mama akasema miwani hii ni ya mbali. Akaingia ndani kutafuta ya karibu.

Alikaa dakika kumi. Kila mwaka miwani iko mfukoni mwa aproni!

Tone la kwanza lilinigonga kiatuni. Nikasogeza mguu juu yake. Tone la pili likafuata, kisha likawa bomba. Nikaanza kuzungumza kwa sauti kubwa habari za hali ya hewa. Marlys alitazama sakafu, akanitazama, akafumba macho kama anavyofanya kanisani. Mama alirudi na miwani. Mshale ulikuwa tisini na nne na unashuka. Nikamwambia soma, mama. Akafuta kioo kimoja kwa ncha ya aproni. Tisini na mbili. Akafuta cha pili. Maji yalikuwa yamefika kwenye viatu vyake vya nyumbani. Akavitazama. Akasoma themanini na nane.

Rollie hakucheka. Afadhali angecheka. Alichukua ufagio na kuanza kuyasukuma maji nje.

Mama mkwe akaweka mkono juu ya mizani.

"Orlan," akasema, "hii inashikwa na kulabu moja."

Nikasema ndiyo, mama, uliniambia.

"Niliwaambia wote wawili. Miaka minane nawaambia. Kulungu mzima haruhusiwi kuja huku. Mizani imekatazwa na nani kwenda kule?"

Nilikikumbuka kitabu cha sheria ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mahali panapotaja mizani. Wala bibi.

Rollie akasema, tulidhani tutakusumbua, mama.

"Nisumbueni," akasema mama.

Sijawahi kumsikia akisema jambo waziwazi namna ile. Rollie akaegemeza ufagio na kumwuliza kama angependa kuja kibandani Jumamosi, na mizani. Mama akasema hapana, atakuwa mzigo. Rollie akauliza tena. Akasema hapana, kibanda chenyewe ni kidogo. Rollie akatazama viatu vyake, akauchukua tena ufagio. Ndivyo alivyo yule. Pumzi yake ni ya mara mbili.

Mimi wakati huo nilikuwa kwenye hesabu. Mizani ikiwa kibandani, kulungu anapimwa mzima. Hakuna daraja. Hakuna kisu. Hakuna kunguru. Mwaka ujao nina nafasi! Basi nikauliza mara ya tatu. Nikasema, "Njoo, mama."

Akasema, haya, kama mnasisitiza. Akaenda nyuma ya friza, akavuta mkoba mdogo, tayari umefungwa. Juu una vumbi. Akalipangusa vumbi kwa aproni kama kitu cha kawaida tu.

Niliona aibu. Naiandika ilivyo. Niliona aibu kwa kama dakika tano, mpaka keki ya malenge ilipoletwa.

Jumapili, 1 Desemba

Msimu umefungwa. Mama mkwe alikuja jana asubuhi, mkoba mkono mmoja, mizani mkono mwingine. Akaingia kibandani, akavaa viatu vyake vya theluji palepale mlangoni vilipokuwa, akavitembeza ndani hatua nne, akasema, si mbaya. Kisha akaenda kuligusa jiko.

Nikampa Rollie hongera za kitanda, kwa shingo upande. Tisini na moja dhidi ya themanini na nane. Ratili tatu! Mama akauliza kitanda gani. Tukamweleza sharti letu la miaka minane. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitanda cha jikoni ni chake tangu kibanda kilipojengwa. Marehemu alikuwa akilala mlangoni. Ndiyo maana hakukuwa na maandishi yoyote kuhusu kitanda ukutani, hakikuwa na ubishi.

Akaweka mkoba juu yake.

Hivyo Rollie, mshindi, amelala mlangoni. Mimi nimelala sakafuni. Panya amefurahi, safari imekuwa fupi. Mama alitupiga karata zote alasiri, akakoroma usiku kucha, na asubuhi alikuwa amekaa mbele ya jiko na kikombe, uso umefunguka kama wa msichana. Akasema jiko halitoi moshi, tatizo ni sisi hatujui kulifungua. Rollie alitoka kwenda kukata kuni ambazo hatukuzihitaji. Alirudi macho mekundu, akasema ni upepo.

Nilifurahi kumwona mama pale. Kusema kweli nilifurahi sana. Mgongo umekufa ganzi.

Jumanne, 3 Desemba

Msimu mpya, mwanzo mpya! Nimestaafu, sijachoka. Nimewaza tangu asubuhi.

Januari Rollie na mimi tunakwenda South Dakota kuvua samaki kwenye barafu. Kule kila mtu ana kikomo chake cha samaki na sheria ni ile ile: kila mnofu uwe na kipande chake cha ngozi. Nimeisoma sheria upya, polepole. Inasema ngozi. Haisemi ngozi ya samaki huyohuyo! Basi nitapasua minofu yangu kwa usafi wangu, kama fundi ninavyopaswa, halafu nitabeba mfuko mdogo wa vipande vya ngozi pembeni. Bwana Nyama wa kule akiuliza, napachika. Kuna gundi ya mayai. Kuna uzi. Nimemwuliza Marlys ipo wapi sindano nyembamba kuliko zote. Alifumba macho.

Nilimpigia simu Bwana Nyama wetu kuuliza kwa niaba ya rafiki. Alikata mara mbili. Mtandao mbaya.

Mama mkwe alikuja kwa kahawa. Amechangamka siku hizi. Alisema ana kiti kile cha kukunja cha kuvulia kwenye barafu, bado kinakunjuka vizuri, na makoti yake mawili mazito hayajaliwa na nondo. Akasema South Dakota hajaiona tangu kabla ya mazishi. Nikamwambia hajakosa kitu, ni baridi tupu.

Akatazama kikombe chake. Sijui kwa nini ananiambia habari za viti.